Karatasi za Walioanguka Jukwaani

Kanyere hakupenda kukaa kwenye kiti cha biro, ofisi ya mji. Hata karani akimwambia keti mama, alibaki wima, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu, kana kwamba mtu aliyeketi hataweza tena kukimbia. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Ilimjia na vita, kama ilivyowajia wengi wa Butembo: wengine waliacha kulala bila viatu, wengine waliacha kujibu wakiitwa jina mara ya kwanza.

Alizaliwa Masereka, kule juu ambako ukungu huondoka shambani wakati watu wamekwisha kulima hadi jasho. Mama yao alifariki Maliro akiwa hajaanza kutembea, na Kanyere, mwenyewe bado msichana, akamfunga mdogo wake mgongoni akaendelea kupalilia. Alimbeba hivyo mpaka watu wa njiani wakadhani ni mtoto wake, naye akachoka kuwasahihisha. Baadaye alishuka Butembo kuuza viazi na karoti sokoni. Alipata mume; mume akaenda Oicha kutafuta maisha kwenye kakao, njia ikaharibika, na sasa alikuwa mtu wa salamu tu, zinazoletwa na wapita njia. Siku ya Bwana Kanyere aliimba kwaya katika kanisa lao la Kiprotestanti. Alikuwa na banda la kuku nyuma ya nyumba. Na alikuwa na Maliro.

Maliro alikuwa zamu wa uwanja wa mji, yaani mlinzi. Alifagia, alifukuza mbuzi, alichora mistari ya mpira kwa majivu tangu chokaa ilipopotea madukani. Upande mmoja wa uwanja palikuwa na jukwaa la mbao lililojengwa zamani, ambalo mvua ilikuwa imelila mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi alikwenda biro ya mji kuomba mbao mpya. Waliotawala walibadilika, jibu halikubadilika: ngojea amani.

Jumapili moja, mwaka wa pili wa vita vile vya pili vya Kongo, timu mbili za mitaa zilikuwa zinacheza na jukwaa limejaa. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mbao za katikati zililia, kisha zikaachia, na watu wakamiminika chini kama viazi vinavyotoka kwenye gunia lililopasuka. Hakuna aliyekufa. Lakini kati ya waliovunjika alikuwemo mtoto wa komanda wa Mouvement, waasi walioshika mji wakati huo, na komanda mwenyewe alikuwa akingojewa akae mahali palepale, ila alichelewa. Hilo lilitosha. Kabla majeruhi hawajamaliza kubebwa, askari walikuwa wamemkamata Maliro. Walisema ameng'oa misumari. Walisema ametumwa na watu wa msituni, wapiganaji waliowapinga, ili amuue mkubwa.

Kanyere alimwona kupitia tundu la kasho, chumba cha mahabusu, dirisha lisilozidi upana wa sahani.

“Yaya, usilie hapa. Batafurahi,” Maliro alisema. Alimwita yaya, dada mkubwa, tangu utoto.

“Mi silie. Ni moshi.”

“Moshi gani, na hakuna moto?”

“Wee, nyamaza. Sema yenye uko nayo ya kusema.”

Maliro alisogeza mdomo karibu na tundu. “Banasema auditeur, mushitaki wa jeshi, atakuja siku ya tano, anatubeba Beni. Yaya, benye kupelekwa Beni kwa ile kesi ya musituni, ulishaona mumoja mwenye alirudi?”

Kanyere alikuwa anawajua wawili, na hakuna aliyerudi.

“Sikiya. Batu balishaanguka ku lile jukwaa zamani. Rébecca wa samaki. Fundi wa vélo. Mwalimu mumoja. Baliandika malalamiko ku biro, biro ikapiga kashe, muhuri yake. Hizo karatasi zikionekana, bataona mbao ilikuwa imeoza zamani. Misumari haikung'olewa na mutu. Tafuta karatasi, yaya. Sina kitu kingine.”

Hivyo ndivyo Kanyere, aliyekuwa anaogopa hata mlango wa biro, alivyoingia humo kesho yake asubuhi. Karani aliitwa Josaphat, mtu wa makamo, mtaratibu, aliyekuwa anatafuna karanga moja moja.

“Unatafuta nini, mama?”

“Malalamiko ya batu benye balianguka ku jukwaa, Papa Josaphat. Ya zamani.”

“We ulianguka?”

“Hapana.”

“Bwana yako?”

“Hapana.”

“Donc unakuja kuomba maumivu ya bengine.” Alicheka peke yake. “Kila mutu iko nayo yake kwake, we unaona haitoshi.”

“Ni ndugu yangu. Zamu.”

Josaphat aliacha kutafuna. Alitazama mlango, kisha akainama mezani kama anayetafuta kalamu iliyoanguka. “Nayajua,” alisema polepole. “Mi mwenyewe nilipokea zile dosie, zile faili. Mais haziko hapa tena. Bakubwa balipohamia Beni balibeba yote: mashini ya kuandika, mapazia, dosie, hata kiti yangu ya muzuri. Tafuta Jean-de-Dieu, karani wa kule, ye njo anaziweka. Na ukimupata, mwambie arudishe kiti.”

Kutoka Butembo hadi Beni si mbali kwa mtu anayehesabu kilomita. Katika miaka ile watu walihesabu bariyeri, vizuizi vya askari. Kanyere alipanda Daihatsu iliyobeba mafuta ya mawese na mabati, akakaa juu ya mzigo na wanawake wengine waliokuwa wakisali bila kutoa sauti. Pale msitu unapokaribia barabara, hakuna aliyeongea. Aliwaza maneno atakayosema akiulizwa. Kutafuta karatasi lilikuwa neno baya. Mwanamke anayetafuta karatasi wakati wa vita ni jasusi, au anafanana naye kiasi cha kutosha.

Kwenye bariyeri ya pili askari kijana alimwelekezea kidole, akichanganya Lingala. “Mama, okei wapi?”

“Beni, afande.”

“Kufanya nini?”

“Kuona mugonjwa.”

Askari alimtazama sana, kisha akachukua karoti kadhaa kutoka kwenye kikapu cha Kanyere na kuinua mti. Kanyere alikaa tena juu ya mzigo. Moyoni alijiambia kwamba hakusema uongo. Mgonjwa yupo, ila amelala Butembo sakafuni, na dawa yake iko Beni.

Biro aliyoelekezwa Beni ilikuwa imegeuka kambi. Nguo za kijeshi zilikuwa zimeanikwa madirishani. Mwanamke aliyeuza sambusa pembeni alimnong'oneza kwamba Jean-de-Dieu sasa anafanyia kazi nyumbani kwake, mtaa wa Bungulu, na kwamba asimtaje kwa sauti.

Jean-de-Dieu alikuwa mwembamba, Mkatoliki wa tangu zamani mwenye rozari ukutani na macho ya mtu asiyelala. Chumba chake cha mbele kilijaa magunia ya kahawa, na ndani ya magunia hakukuwa na kahawa bali karatasi za miji miwili, zikiwa zimeinuliwa juu ya matofali kwa sababu ya mchwa.

“Nani alikutuma?”

“Papa Josaphat.”

“Anaulizia tena kiti?”

“Ndiyo.”

“Mwambie kolonele mumoja anaikalia. Kama iko na nguvu, akuje amutoe.” Akafunga mlango, akaweka komeo. “Mama, karatasi za malalamiko ni za raia. Mutu yote anaweza kuja kuzisoma, sheria inasema vile. Mais na sheria yenyewe iko ndani ya mufuko mumoja hapa, sijue ni gani.”

Hata hivyo alimtaka aandike ombi. Kanyere aliliandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wa herufi kubwa aliojifunza kwa kunakili nyimbo za kwaya: mimi fulani, dada wa fulani, naomba kuona malalamiko ya watu walioumia katika uwanja wa mji wa Butembo. Lilipokwisha, Jean-de-Dieu alilisoma mara mbili, akalitia ndani ya gunia, na ndipo akaanza kufungua mengine. Kila gari lilipopita nje mikono yake ilisimama. Mikono ya Kanyere nayo ilisimama, ingawa haikuwa inafanya kitu.

Malalamiko yalipatikana alasiri, yakiwa yamebanwa kwa waya mmoja. Matatu. Jean-de-Dieu aliyasoma kwa Kifaransa kisha akayaeleza. La Rébecca lilisema mbao ya safu ya tatu ilivunjika chini yake, imeoza, mguu wake haunyooki. Fundi wa baiskeli aliumia mkono mahali palepale. Mwalimu aliandika kurasa mbili, akaonya kwamba ipo siku jukwaa lote litaanguka na watoto. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wa biro na tarehe ya kupokelewa, miaka kabla ya komanda yeyote kufika. Kanyere alitaka kucheka. Alitaka kukaa.

“Ngoja,” Jean-de-Dieu alisema. “Kuko maneno pa chini.”

Aliyasoma kimya kwanza, na Kanyere akaona uso wake unavyobadilika.

“Ni mukono ya Josaphat. Ameandika: jambo limekwisha, zamu wa uwanja alikwenda nyumbani kwa muumizwa na kuku, akaomba musamaha, familia imekubali. Na hapa pia. Na hapa.”

Kanyere aliwajua wale kuku. Walitoka bandani kwake. Yeye ndiye aliyewakamata, akawafunga miguu kwa kamba ya mgomba na kumwambia Maliro maneno ya kusema. Kwao, mtu akiumia mahali unapopafagia wewe, hungoji kuuliza nani alimsukuma. Unakwenda kwake na kuku, unasema unisamehe, kwa sababu ardhi iliyomtupa ndiyo ardhi unayoitunza. Mnakula pamoja, na jambo linakuwa limelala. Asiyekwenda ndiye watu humtazama kwa jicho baya. Mama yao angefanya hivyo, na mama wa mama yao. Kanyere hakuwa amewaza hata mara moja kwamba karani aliandika.

“Auditeur si mutu wa kwetu,” Jean-de-Dieu alisema. “Anatoka mbali, kule banasema zaidi Lingala na Kifaransa. Ye hatasoma kuku. Atasoma aliomba musamaha. Mara tatu. Atasema, mutu huyu njo anavunja jukwaa toka zamani, na anakubali mwenyewe.”

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga bati kwa fimbo. Kanyere aliomba maji. Aliyanywa yote.

“Mi naweza kukuandikia copie ya sehemu ya juu tu,” Jean-de-Dieu aliongeza, bila kumtazama. “Pa chini naacha. Napiga kashe. Nani atakuja kufungua magunia yangu?”

Lilikuwa jambo la huruma, na Kanyere alilikaribia kwa mawazo yote aliyokuwa nayo. Nusu ya karatasi ingemtoa Maliro kasho kesho kutwa. Lakini Josaphat yupo Butembo, na Josaphat anakumbuka. Askari akimpandishia sauti atasema yote kabla hajamaliza karanga. Kisha watauliza kwa nini dada wa zamu alikata maneno. Hapo Maliro atakuwa kweli kile wanachosema, na mwanamume huyu mwenye rozari atakuwa naye ndani ya gari moja. Kwa upande mwingine, karatasi nzima ilikuwa kamba ya shingoni, na yeye ndiye angeipeleka kwa mkono wake.

“Andika yote,” alisema.

Haikuwa sauti ya ushujaa. Ilikuwa sauti ya mtu aliye mbele ya mashimo mawili, anayechagua lile ambalo chini yake panaonekana.

Aliporudi Butembo hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda sokoni upande wa samaki wa kukauka, kwa Rébecca, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi aliyetembea akivuta mguu wa kushoto. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, akamwomba aje kusema mbele ya auditeur.

“Mi niende mbele ya basoda na bunduki zao?” Rébecca alisema. “Kwa sababu ya kuku nilikula zamani?”

“Ulikula.”

“Nilikula, na ilikuwa nguvu kama kiatu! Nilisema mbele ya bwana yangu, huyu zamu ametuletea bibi yake.”

“Ilikuwa inataga. Sikuwa na ingine.”

Rébecca alifukuza nzi kwenye samaki kwa muda mrefu kuliko nzi waliokuwapo. “Niko na batoto, Kanyere.”

“Najua.”

“Bakinishika?”

Kanyere alisimama tu pale, kikapu kikiwa tupu mkononi, mpaka wateja wakaanza kumzunguka. Usiku ule hakulala, na asubuhi ya siku ya tano hakujua kama atakuwa peke yake.

Rébecca alikuja. Alivaa kitenge cha kanisani na alikuwa amekunja uso kama mtu aliyelazimishwa na ndugu. Waliingizwa katika chumba ambamo auditeur alikuwa ameketi nyuma ya meza, mtu nadhifu wa miwani. Maliro alisimama pembeni bila mkanda, amekonda shingo. Kanyere alitoa karatasi. Auditeur alizisoma kuanzia juu, akainamisha kichwa kidogo kama anayekubali, na Kanyere akapata tumaini. Kisha macho yake yakashuka hadi chini ya ukurasa, yakakaa hapo.

“Aliomba pardon,” alisema. “Mara tatu. Kwa nini mutu asiye na kosa anaomba pardon?”

Maliro alifungua mdomo, lakini Rébecca alitangulia.

“Mukubwa, mi njo nilianguka. Hakunisukuma. Alileta kuku kwa sababu anafagia pale. Mi nikianguka ku lupango, ile kiwanja ya jirani, jirani analeta kuku. Mutoto yangu akichomeka na moto kwa shangazi, shangazi analeta.”

“Donc hapa kwenu kila mutu iko na kosa.”

“Hapana, mukubwa. Hapa kwetu kila mutu iko na kuku.”

Askari wa mlangoni alicheka, akaficha mdomo. Auditeur hakucheka. Alimtazama Rébecca, akautazama mguu wake, halafu akarudi kwenye karatasi na kuweka kidole juu ya muhuri.

“Na hii kashe? Biro ilipokea. Biro yenyewe ilileta nini?”

“Biro haikuleta kitu,” Rébecca alisema. “Hata mayai.”

Josaphat aliitwa. Alikuja na karanga mfukoni na hofu usoni, akakubali kwamba mwandiko ni wake, kwamba mbao ziliombwa, kwamba aliona mambo yamekwisha kwa sababu watu walikwisha kula. Auditeur aliandika muda mrefu. Kanyere aliitazama ile kalamu kama watu wanavyotazama mto uliofurika ukikaribia shamba. Mwishowe aliambiwa kwamba zamu hatapelekwa Beni leo. Atarudi kwake, hatatoka mjini, ataitika kila akiitwa. Dosie inabaki wazi.

“Na wewe,” auditeur alimwambia Maliro, “usiombe tena mutu pardon. Umesikia? Ukiomba, nitaandika.”

Walitoka nje wote watatu. Hakuna aliyeshangilia. Rébecca alisema samaki wake wataoza, akaondoka akivuta mguu. Maliro alitembea na dada yake mpaka walipofika njia panda, ambako mkono mmoja ulikwenda nyumbani na mwingine hospitali.

“Yaya, ule mutoto wa komanda bado amelala kule.”

“Nasikia.”

“Mama yake ni mutu wa kwetu. Atakuwa ananingojea.”

Bandani kwa Kanyere palikuwa na kuku wawili walionona. Angeweza kumkamata mmoja kwa dakika chache, na mchana huohuo mtu angeweza kusema kwamba zamu amekiri. Lakini kutokwenda kabisa kulimshinda pia.

“Tutaenda,” alisema. “Mikono mitupu.”

Mtoto alikuwa kwenye kitanda cha mwisho cha chumba kirefu, mguu umefungwa kwenye mbao na kuvutwa kwa jiwe, akilala mdomo wazi. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka. Aliwajua mara moja. Aliitika salamu, kisha akaangalia mikono ya Maliro, akaangalia mikono ya Kanyere, na nyuma yao, mlangoni, kama mtu anayedhani kitu kimeachwa nje.

“Munakuja tu vile?”

Maliro alivuta pumzi. Kanyere aliona midomo yake ikianza kutengeneza lile neno la msamaha, akamshika mkono kwa nguvu mpaka akanyamaza. Mwanamke aligeuza uso wake ukutani, na bega lake likasema yaliyobaki.

Chini ya kitanda palikuwa na beseni la nguo za mgonjwa, shuka na nepi za vitambaa, zenye harufu ya siku nyingi. Kanyere aliinama, akalivuta, akaliweka kichwani kabla mtu hajamzuia. Alikwenda uani, kwenye bomba, kati ya wanawake wengine waliokuwa wakifulia wagonjwa wao. Alifua bila sabuni, kwa kusugua kitambaa juu ya kitambaa, maji yakawa meusi, akamwaga, akachota mengine. Kila alipoinua kichwa alitazama geti, kuona kama gari la komanda limefika.

Baadaye kidogo mama wa mtoto alitoka, akasimama nyuma yake. Alishika ncha moja ya shuka, Kanyere akashika nyingine, wakaanza kulikamua.